Tembo la Mnazi: Ulimi Hujua Nini?

Mtu wa Likoni, Kisauni au Changamwe atakaye kinywaji chepesi cha bei ndogo, hasa katika miezi ya kaskazi jua linapochoma, mara nyingi haendi kununua bia ya chupa. Huenda mangweni, mahali panapouzwa tembo la mnazi. Bia hutoka kiwandani ikiwa imekwisha pimwa, na chupa moja ni sawa na nyingine. Tembo halina kawaida hiyo. La asubuhi si la jioni, na mnunuzi mwenyewe ndiye mpimaji.

Yafaa kwanza kujua jinsi lipatikanavyo. Mgema hupanda mnazi na kotama yake na kibuyu. Hulifunga karara changa kabla halijapasuka, akalikata ncha, na utomvu hudondoka kibuyuni. Hurudi juu mara mbili au tatu kwa siku kukata tena kipande chembamba, maana jeraha likikauka utomvu hukoma. Mnazi ugemwao hauzai nazi katika karara hilo, kwa hiyo kila kibuyu kina gharama yake.

Utomvu utokapo mtini ni mtamu wala hauna kileo. Lakini hamira ya asili, iliyomo kibuyuni na hewani, huanza kuila sukari yake papo hapo. Kwa muda wa saa chache tu kileo huweza kufika sehemu 4 katika 100, karibu sawa na bia ya Tusker, ambayo ina sehemu 4.2. (Bia hiyo, ya kampuni iliyoanzishwa Kenya mwaka 1922, ina picha ya ndovu, mnyama ambaye naye huitwa tembo!) Likilala hata kesho yake, vijidudu vingine hukigeuza kileo kuwa siki.

Basi anayeonja tembo huonja saa. Mzoefu huanza kwa pua: tembo jipya lina harufu ya hamira na matunda, na lililochakaa hunuka siki kabla ya kufika mdomoni. Kisha hutazama. Tembo zuri ni jeupe, lenye ukungu kama maji yaliyooshewa mchele, na povu lake huinuka lenyewe. Mwisho huvuta funda moja kwa mrija. Utamu na ukali vikipatana, na ulimi ukachomwachomwa kidogo na hewa iliyomo, hilo ni la daraja ya kwanza. Tamu tupu ni changa mno. Lililo tamu sana na chachu sana kwa pamoja litiliwe shaka, kwani hamira huimaliza sukari uchachu unapozidi. Huenda sukari ya dukani imeongezwa. Tembo lililotiwa maji huwa jepesi bila ladha, na povu lake hufa upesi. Ile methali ya mgema aliyesifiwa haikutungwa bure.

Njia nayo ina sehemu yake. Tembo la Kaloleni au Rabai likichukuliwa kwenda Changamwe, au la Kwale likiletwa Likoni, huendelea kuchacha safarini. Chombo kikizibwa sana, hewa hiyo hukipasua.

Lakini kuna jambo moja ambalo ulimi hauwezi kulijua kamwe, nalo ni methanoli. Sumu hii hutiwa na wauzaji wabaya katika pombe kali za magendo ili zilevye kwa gharama ndogo, na ladha yake haitofautiani sana na ya kileo cha kawaida. Mwaka 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe ya namna hiyo. Mwaka 2014 vifo vingine vingi vilitokea katika kaunti kadhaa. Tembo safi la mgema silo lililoua watu hao. Hatari huingia pale muuzaji anapoliongezea kitu ili liwe kali, au anapouza pombe nyingine kando yake. Tembo linalolevya kwa kikombe kimoja si tembo tu.

Mwenye kunywa methanoli huweza kulala salama na kuamka haoni vizuri, kwa kuwa dalili huchelewa saa 12 hata 24. Kichwa huuma, tumbo husokota, macho huona ukungu. Mtu huyo asipewe dawa za nyumbani wala asiachwe alale ulevi umtoke. Apelekwe hospitali saa ile ile, na mabaki ya kinywaji yachukuliwe pamoja naye ili daktari ayaone.