Hofu Yenye Hati Miliki: Riwaya za Majumba ya Kutisha (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimwacha Horace Walpole katika ngome yake ya Otranto, mwaka 1764, pamoja na ile kofia kubwa ya chuma iliyomponda bwana arusi uani siku ya harusi yake. Leo tunafika wakati riwaya za kigothi zilipoingia mikononi mwa wanawake, waandishi na wasomaji pia, na tishio lake likabadilika. Mizuka ya Walpole ni mizuka kweli. Katika vitabu vitatu nitakavyovieleza leo, anayetisha ni mtu aliye hai, anakula mezani na wenzake, na nyumba ni yake.

Ann Radcliffe alitoa *The Mysteries of Udolpho* mwaka 1794, juzuu nne, na mchapishaji akamlipa pauni 500, fedha nyingi mno kwa riwaya ya zama hizo. Italia anayoisimulia hakuwahi kuikanyaga. Msichana Emily, yatima, analelewa na shangazi yake, na shangazi huyo anaolewa na Montoni, bwana mwenye ngome katika milima ya Apennine. Huko Emily anapewa chumba chenye mlango ambao komeo lake liko upande wa nje. Usiku anasikia muziki asiojua unatoka wapi. Siku moja anafunua pazia jeusi, anazimia, na mwandishi anakataa kutuambia alichokiona hadi kitabu kinakaribia kwisha: sanamu ya nta ya maiti inayooza.

Wako waliokasirika kwa kungojeshwa hivyo kwa ajili ya nta. Mimi nadhani walikuwa wanatazama pazia wakati jambo lenyewe likitendeka mezani. Montoni ana karatasi. Anataka mkewe atie saini kumwachia mashamba yake yaliyoko Ufaransa. Mke anakataa, anafungiwa mnarani, anaugua na kufa. Mashamba yanamwangukia Emily, na karatasi ile ile inaletwa mbele yake. Ukiondoa muziki wa usiku na pazia, utakuta mgogoro wa ardhi na mirathi, na mwanamke asiye na wakili wala jirani wa kumkimbilia.

Radcliffe aliiweka hadithi yake mwaka 1584, lakini wasomaji wake walikuwa wake na mabinti wa Uingereza, na walijua vizuri inawahusu. Kwa sheria ya nchi yao, mwanamke akiolewa alipoteza nafsi yake mbele ya sheria. Fedha zake, mshahara wake, mapambo na samani zake vilikuwa vya mume. Ardhi yake mume aliisimamia na kula mapato yake, ingawa hakuweza kuiuza bila ridhaa ya mke. Familia tajiri ziliandika mikataba ya kumlinda binti. Wengine hawakuwa na kinga. Bunge lilianza kulegeza kamba mwaka 1870, na mwaka 1882 ndipo mke alipotambuliwa kikamilifu kuwa mmiliki wa mali yake.

Msomaji wa pwani yetu anahitaji kulishika hili, maana hali yake ilikuwa nyingine. Katika sheria ya Kiislamu mahari ni ya mke, na alichorithi kwa baba yake ndoa haikigusi. Lamu, familia za waungwana zilimpa binti nyumba ya mawe alipoolewa, na mume ndiye aliyehamia. Kwa mwanamke wa namna hiyo, jumba la kutisha la riwaya hizi ni jambo la ugenini hasa: Mwingereza aliingia nyumba ambayo kila ufunguo wake ulikuwa kiunoni mwa mtu mwingine.

Sasa *Jane Eyre* ya Charlotte Brontë, iliyotoka mwaka 1847 kwa jina la bandia la Currer Bell. Watu huikumbuka kwa mapenzi na kwa kicheko kinachosikika ghorofa ya tatu ya Thornfield. Nawaomba waisome tena wakihesabu fedha, maana Brontë amezihesabu. Jane anaajiriwa Thornfield kumfundisha mtoto kwa pauni 30 kwa mwaka. Mwajiri wake, Bwana Rochester, miaka kumi na mitano nyuma alioa Jamaika mwanamke aitwaye Bertha Mason aliyekuja na pauni 30,000. Desturi ya tabaka lile ilikuwa kinyume cha mahari yetu: fedha zilitoka kwa baba wa bibi arusi kwenda kwa mume. Kwa mshahara wake, Jane angehitaji miaka elfu moja kuzifikia.

Kwa nini Rochester aliozwa mbali vile? Kwa sababu baba yake hakutaka kuligawa shamba. Kaka mkubwa angerithi vyote, na mdogo atafutiwe mke tajiri. Masoni walikuwa matajiri wa Spanish Town, katika kisiwa ambacho utajiri wake ulilimwa na watumwa, na Waafrika wale hawana hata sentensi moja ya kujieleza katika kitabu hiki. Bertha akapatwa na wazimu, akaletwa Uingereza, akafungiwa juu na mlinzi. Talaka haikuwezekana. Mali yake mume alishaipata.

Jane anajua haya siku ya harusi yake mwenyewe, wakili anaposimama kanisani kuipinga ndoa. Anaondoka usiku bila kitu. Atakaporudi kwa Rochester, mambo mawili yamebadilika. Bertha amelichoma jumba na kufa, na Rochester amekuwa kipofu. Na Jane amerithi pauni 20,000 za ami yake, mfanyabiashara wa mvinyo wa Madeira, akazigawa sehemu nne na kubaki na 5,000. Brontë hakumruhusu aolewe kabla hajawa na chake. Naipenda hesabu hiyo kuliko maungamo yote ya mapenzi yaliyomo, ingawa inaniuma kwamba ami huyo alikuwa wakala wa biashara ya hao hao Masoni.

*Rebecca* ya Daphne du Maurier, ya mwaka 1938, ilianza kuandikwa Alexandria, Misri, ambako mume wa mwandishi, mwanajeshi, alikuwa kazini. Kwenye joto lile alitamani Cornwall. Msimulizi wake, msichana ambaye jina lake hatulijui hadi mwisho, anaolewa na mjane Maxim de Winter na kuletwa Manderley, ambako kila kitu, hata kalamu za barua, ni cha marehemu mke wa kwanza. Bibi Danvers, msimamizi wa watumishi, anahakikisha halisahau hilo. Rebecca, mke huyo wa kwanza, hakufa maji kama ilivyodhaniwa: Maxim alimpiga risasi, baada ya Rebecca kumtamkia kwamba mtoto wa mwanamume mwingine ndiye atakayerithi Manderley. Hapa tena ni mirathi. Msichana anapoujua ukweli anafarijika, kwa kuwa sasa amejua Maxim hakumpenda Rebecca. Sijui ukurasa unaoogofya zaidi ya huo. Filamu ya Hitchcock ya mwaka 1940 iliuficha, kwa kuwa kanuni za Hollywood hazikuruhusu muuaji aishi bila adhabu, na risasi ikageuzwa kuwa ajali.

Manderley ilitokana kwa sehemu kubwa na Menabilly, jumba la ukoo wa Rashleigh huko Cornwall. Du Maurier alilipanga mwaka 1943, akalikarabati kwa fedha zake, akalipenda kama mtu anavyompenda mtu, lakini wenyewe hawakumuuzia. Mwaka 1969, akiwa tayari mjane, alihamia Kilmarth, nyumba nyingine ya ukoo huo huo, iliyokuwa kwa desturi ya wajane wao.

Wakati huo maduka ya vitabu ya Uingereza na Marekani yalikuwa yamejaa riwaya za bei nafuu zilizoanza kupendwa upya na *Mistress of Mellyn* ya Victoria Holt, mwaka 1960: kwenye jalada msichana anakimbia, nyuma yake jumba lenye dirisha moja lililowashwa taa. Lakini mwaka 1966 Jean Rhys, mzaliwa wa Dominika katika Karibi, alitoa *Wide Sargasso Sea*, na kumhamisha Bertha Mason kutoka ghorofa ya tatu hadi katikati ya hadithi. Kitabu hicho ndicho tutakachokisoma wiki ijayo.