Dadu mbili za ludo zinatosha

Dungeons & Dragons, ule mchezo wa kuigiza wahusika mezani uliotoka Marekani 1974, siku hizi hutegemea dadu ya pande 20. Unajaribu kufungua kufuli, dadu inakataa, basi. Mara nyingi unangoja tu zamu nyingine. Inaboesha, si ndio?

Mwaka 2010 Vincent Baker alileta Apocalypse World, na dadu mbili za kawaida kama zile za ludo. Ukipata 10 kwenda juu, mambo safi. 6 kushuka chini, msimulizi anakuletea balaa. Lakini utamu wenyewe uko kwa 7 hadi 9: kufuli linafunguka, ila mlinzi amesikia. Bila nyongeza, njia 15 kati ya 36 za dadu kuanguka hukutupa hapo. Sasa amua haraka: utamhonga ama utatoroka?