LAISINI: NYONGEZA YA LISHE NA MATUMIZI YAKE YA SALAMA

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wanafahamishwa kwamba laisini, ambayo huuzwa kwa vidonge au unga mweupe, ni asidi amino, yaani moja ya chembechembe zinazoijenga protini. Asidi amino 9, laisini ikiwemo, haziwezi kutengenezwa na mwili wa binadamu. Hapana budi zipatikane katika chakula.

Upungufu wake huwahusu hasa wategemeao sembe. Mfano ni Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016. Wilaya ya Mbozi hulima mahindi kwa wingi, na mji wa Tunduma, mpakani mwa Zambia, ni soko la nafaka. Hata hivyo, ghala lililojaa mahindi silo lishe kamili. Mtu mzima mwenye kilo 60 huhitaji takriban gramu 1.8 za laisini kwa siku, ilhali gramu 100 za unga wa mahindi zina kiasi cha gramu 0.2 tu. Aathirikaye zaidi ni mtoto mdogo anayelishwa uji mtupu, kwa kuwa tumbo lake ni dogo na mwili wake ungali unakua.

Viwandani, laisini hupatikana kwa kuchachusha sukari ya miwa au ya wanga wa mahindi kwa bakteria waliogunduliwa Japani mwaka 1956. Kisha huchujwa na kukaushwa. Sehemu kubwa huchanganywa katika chakula cha kuku na nguruwe.

Kwa mnasaba huo, wananchi wanakumbushwa yafuatayo:

1. Laisini ya mifugo isitumiwe na binadamu, hata kama bei yake ni nafuu.
2. Isinunuliwe iliyofunguliwa na kupimwa kwa kijiko, wala isiyo na lebo na tarehe ya mwisho wa matumizi.
3. Kipimo kisizidishwe, huweza kuleta maumivu ya tumbo na kuharisha.
4. Wajawazito, wagonjwa wa figo na wazazi wa watoto wadogo wamwone daktari kwanza.

Aidha, wengi hawahitaji vidonge hivyo. Gramu 100 za maharage makavu zina takriban gramu 1.5 za laisini. Kunde, choroko, dagaa na maziwa nazo hufaa. Basi ugali usikose kitoweo, na uji wa mtoto utiwe maziwa au unga wa dagaa. Mwenye shaka na aulize kituo cha afya kilicho karibu naye.