Lenzi ya kuzungusha kwa mkono: usiliamini jicho peke yake

Leo nipo hapa Cheyo, Tabora, na somo fupi kwa wale wanaofunga lenzi za enzi za filamu kwenye kamera za dijitali.

Mimi nilirithi Nikkor ya milimita 50 f/1.8 kwa mjomba. Lenzi kali, haina otomatiki, fokasi unazungusha mwenyewe. Nikampiga bibi picha barazani, lenzi imefunguliwa yote. Kwenye kioo kidogo cha kamera ilionekana safi. Kuifungua kwenye kompyuta, lahaula! Sikio limetoka kali, macho ukungu mtupu. Bibi akafariki kabla sijarudia. Picha tuliyobaki nayo ndiyo hiyo.

Kosa liko wapi? Kamera nyingi za filamu zilikuwa na kiduara katikati ya tundu la kuchungulia kilichokata picha vipande viwili. Vikiungana, fokasi imekubali. Dijitali nyingi hazina kiduara hicho. Na kwa f/1.8, mtu akiwa mita 1, sehemu inayotoka kali ni kama sentimita 3 tu. Jicho na sikio haviingii pamoja.

Dawa zipo:

1. Nukta ya kijani. Kwenye Nikon nyingi inawaka ndani ya tundu la kuchungulia fokasi ikikubali. Weka alama ya fokasi juu ya jicho la mtu, zungusha mpaka iwake, pitiliza kidogo hadi izime, halafu rudi katikati.

2. Kukuza. Washa picha kwenye skrini ya nyuma, bonyeza kitufe cha kukuza, tazama kope. Zikihesabika, piga. Hii ndiyo ya uhakika zaidi, ila mtu atulie.

3. Pikingi. Kamera nyingi zisizo na kioo cha ndani hupaka rangi kwenye kingo zilizo kali. Ni ya haraka, lakini lenzi ikiwa wazi yote inadanganya kidogo, hivyo malizia kwa kukuza.

Ukiwa bado mgeni wa haya, funga lenzi hadi f/4, utapata nafasi ya kukosea.

Mazoezi? Nenda Kwihara, kwenye tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Fokasia nakshi za mlango. Mlango hautikisiki wala haununi ukirudia mara kumi.

Wenye bibi na babu hai, wapigeni wiki hii. Macho kwanza. Naomba kuwakilisha.