Mazuku inaua kwa namna gani?

Somo: Luka 13:1-5

Juma hili tunajibu ulizo moja ambalo linarudia mara nyingi katika makanisa ya upande wetu: zile nyumba zilizoachwa, ambazo watu wanasema zinakula watu, kuna nini ndani?

Kwenye barabara ya Goma na Sake, kilometa karibu 25 pembeni ya ziwa Kivu, kuna parsele ambazo hakuna mutu anayekaa ndani. Kuta zingali zinasimama, mabati yameondolewa, majani yameota ndani ya vyumba. Mbuzi anaingia asubuhi na anakutwa amekufa bila kidonda. Mutoto anaingia kutafuta kuni na harudi. Tangu zamani watu wa hapa wameita jambo hilo mazuku: upepo mubaya unaotembea usiku na kuua.

Hadithi hizi ziko na mizizi ya mbali. Mbele Injili haijafika, watu wengi wa volkano zetu, kwetu na kwa jirani zetu wa Rwanda, walimwabudu Ryangombe. Walisema wafu wake wanakaa kwa raha juu ya mulima Karisimbi, na wale wasiokuwa wake wanatupwa ndani ya moto wa Nyiragongo. Mulima huo ulimwaga moto katika mwaka wa 1977, 2002 na 2021. Si ajabu kama mutu akiona kifo kinatoka chini ya udongo, anafikiri ni roho za wafu.

Lakini wataalamu wa volkano wamepima mazuku kwa vyombo. Ni gesi ya kaboni, ile ile tunayotoa puani tunapopumua, na ile inayofanya povu tunapofungua chupa ya sukre. Inapanda kutoka chini sana, inapita katika nyufa za mawe ya volkano, na inatokea juu katika mashimo na mabonde madogo. Hewa ya kawaida iko na gesi hiyo kidogo sana, karibu 0,04 kwa mia. Ikipita 10 kwa mia, mutu anaweza kuzimia kwa dakika chache, kisha anakufa kama hakuna wa kumutoa.

Sasa tuangalie yale watu wanayosema, moja kwa moja.

Wanasema: «Inachagua watoto.» Gesi hii ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala chini kama maji ndani ya beseni. Mutu mukubwa akisimama, kichwa chake kiko juu ya gesi. Mutoto, mbwa na kuku, vichwa vyao viko ndani. Hata mutu mukubwa akiinama ao akilala chini, anaingia ndani yake.

Wanasema: «Inatembea usiku.» Muchana upepo na jua vinaitawanya. Usiku na asubuhi mapema, wakati hakuna upepo, inakusanyika.

Wanasema: «Inaua bila alama.» Ni kweli, kwa sababu haina rangi wala harufu.

Wanasema: «Nyumba ile iko na laana.» Nyumba ilijengwa ndani ya shimo, ao juu ya ufa. Kuta zinazuia upepo, na gesi inabaki ndani kama ndani ya kisima. Wenye nyumba waliondoka. Nyumba haina kosa, fasi ndiyo mbaya.

Si kwetu peke yake. Katika Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986, gesi hiyo hiyo ilitoka kwa wingi katika ziwa Nyos, ikashuka usiku katika vijiji na kuua watu karibu 1.700 pamoja na ngombe zao.

Wapendwa, kwa nini muchungaji anaandika habari ya gesi? Kwa sababu mbili.

Ya kwanza: kisha kifo kama hicho, familia inatafuta muchawi. Wanaonyesha kidole kwa mama muzee mujane, ao kwa mutoto yatima anayelala nyumbani kwao. Wengine wanafukuzwa, wengine wanapigwa. Sheria ya inchi yetu ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inakataza kumushitaki mutoto uchawi, na inamupa azabu anayefanya hivyo. Na Bwana wetu, walipomwambia habari za vifo, alikumbusha wale watu 18 walioangukiwa na munara wa Siloamu. Hakukubali kwamba walikuwa wabaya kuliko wengine. Aliwaita wasikilizaji watubu wao wenyewe. Nasi tusihukumu mahali Yeye hakuhukumu.

Ya pili: kuna ndugu wanaokwenda kukesha katika nyumba hizo na katika mapango, ili waonyeshe kwamba wameshinda pepo. Tunaamini maombi. Tunaamini pia kwamba pepo wako, na kwamba Jina la Yesu linawafukuza. Lakini gesi si pepo, haina masikio. Shetani alipomwambia Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu, Yesu alikataa kumujaribu Mungu. Kupiga magoti ndani ya shimo la mazuku ni kuweka pua ndani ya kifo.

Basi tufanye hivi:

Tusiwaache watoto wacheze ao watafute kuni katika mashimo na nyumba zilizoachwa. Ukiona majani yamekauka fasi moja, na ndege ao wadudu wamekufa, rudi nyuma.

Ukisikia kichwa kinauma, pumzi inakwenda mbio na moyo unapiga sana, panda haraka fasi ya juu.

Mutu akianguka ndani, usishuke kumufuata. Wengi wamekufa hivyo, wa pili juu ya wa kwanza. Ita watu, tafuta kamba, muvute kutoka juu.

Usitegemee mushumaa. Ukizimika, toka. Lakini hata ukiwaka, gesi inaweza kuwa imekwisha kukuumiza.

Mbele ya kununua parsele, uliza majirani wa zamani, na uheshimu mabango ya hatari.

Na kama kifo kimekwisha kuingia katika familia, twende kulia pamoja nao, tuwafariji, na tukae karibu na yule bibi ambaye watu wanataka kumushitaki. Hapo ndipo kesha letu linahitajika.

Mungu awabariki.