ATM YA MAJI: KADI INAFUNGUAJE BOMBA?



Vikundi kadhaa vimetuuliza kuhusu mtambo wa kuuza maji kwa kadi, ule watu wanauita ATM ya maji. Mwaka 2015 mitambo ya aina hii iliwekwa mtaani Mathare, Nairobi, na siku hizi iko pia vijijini, kwenye visima vya stima ya jua. Mama anaweka kadi, maji yanatoka, na mtungi ukijaa yanakatika yenyewe. Hakuna mtu ameshika bomba.

Ni kitu kizuri. Lakini mtambo ukikwama, wa kwanza kushukiwa ni yule anayejaza kadi, halafu mweka hazina. Mara utasikia, "Wamekula pesa zetu!" Kikundi cha miaka mingi kinaweza kuvunjika kwa sababu ya waya uliokatika. Ndiyo maana tunasema kila mwanachama, si fundi peke yake, aujue mtambo huu. Una sehemu nne.

1. KISOMA KADI. Kadi haina betri. Ndani yake kuna chipu ndogo na waya mwembamba uliozungushwa. Kisoma kadi hutoa nguvu ya sumaku, na waya huo ukiipata, chipu inaamka na kutaja namba yake. Ndiyo sababu lazima kadi isogezwe karibu kabisa.

2. KIDHIBITI. Hii ni kompyuta ndogo, ndiyo ubongo wa mtambo. Inaangalia kama kadi ina pesa, kisha inatoa amri. Amri hiyo ni stima kidogo mno, haiwezi kufungua bomba. Kwa hiyo inapitia kwa swichi ya elektroniki, ambayo huruhusu stima kubwa ya betri kupita. Ni kama mzee anayenyoosha kidole tu, na vijana wanabeba mzigo.

3. VALI YA UMEME. Hii ndiyo mikono. Stima ikipita kwenye koili inakuwa sumaku na kuvuta kipande cha chuma, utasikia "tak!", na maji yanapita. Stima ikikatika, springi inarudisha chuma na bomba linafungwa. Kwa hivyo, kwa mitambo mingi, betri ikiisha hakuna maji, lakini tangi halimwagiki. Mchanga ukiingia hapo, vali haifungi vizuri na maji yanadondoka usiku kucha. Chujio lisafishwe.

4. MITA. Hii ndiyo macho. Maji yanazungusha gurudumu dogo lenye sumaku, na kila mzunguko unatuma mapigo ya stima kwa kidhibiti. Tuchukue mfano wa mita inayotoa mapigo 450 kwa lita moja. Mtungi wa lita 20 ni mapigo 9,000. Yakifika, kidhibiti kinakata stima ya vali.

MTAMBO UNAONGEA NA OFISI

Ndani ya mtambo huwa kuna laini ya simu kama ile ya simu yako. Ukilipa kwa M-Pesa, kompyuta ya ofisi inauarifu mtambo kwamba kadi fulani imeongezewa pesa. Mtambo nao unatuma hesabu ya maji yaliyouzwa.

Je, ujumbe ukiharibika njiani? Vyombo hivi vina desturi ya kuhakikisha. Tuseme ujumbe ni 4, 7 na 9. Mtumaji anaongeza jumla mwishoni: 20. Anayepokea naye anajumlisha. Akipata 19, anajua kuna kosa na anaomba utumwe tena. Hesabu zenyewe ni ngumu kuliko hizi, lakini nia ni hiyo hiyo. Na kama netiweki haipo, mtambo mzuri huweka hesabu zake mpaka irudi. Kwa hiyo pesa ikichelewa kuonekana kwenye kadi, si lazima iwe imeibwa.

MAJI YASIPOTOKA

- Kioo cha mtambo hakiwaki: angalia betri, nyaya na paneli ya jua.
- Kadi moja inakataa, nyingine zinakubali: shida ni kadi hiyo, au pesa yake haijafika.
- Kadi imekubaliwa lakini hakuna "tak": waya, koili au swichi. Mwite fundi.
- "Tak" imesikika lakini hakuna maji: angalia tangi, chujio na koki ya mkono.

KITABU BADO KINAHITAJIKA

Kompyuta haiondoi kazi ya kamati. Wekeni mita ya kawaida kwenye bomba linalotoka tangi, na watu wawili waisome kila jioni. Kama mtambo unasema umeuza mitungi 150, hizo ni lita 3,000. Kama mita ya tangi inasema 3,400, lita 400 zimepotea. Tafuteni bomba linalovuja au vali isiyofunga kabla ya kumtafuta mwizi. Na kama ni mwizi, kitabu hicho kitamfichua pia.

Kabla ya kutia sahihi mkataba na muuzaji, ulizeni: Nani anaona hesabu, yeye peke yake au na sisi? Tukikosana naye, anaweza kutufungia maji akiwa mbali? Vali mpya inauzwa wapi, na bei gani? Je, kuna koki ya mkono ya kutoa maji wakati mtambo umekufa, na ufunguo wake utakaa kwa nani? Muuzaji akikwepa maswali haya, msiharakishe. Maji ni yenu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu, ni nani hulaumiwa kitu kikiharibika? Tunachunguza kwanza?
2. Mjane asiye na simu wala pesa kwenye kadi atachotaje maji?
3. Ni akina nani wawili watakaosoma mita?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.