Mabwawa ya Maji Taka (2): Tope Lisiloonekana

Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi jua, mwani na bakteria wanavyosafisha maji taka bwawani bila mitambo mikubwa. Njia hiyo ni nafuu, ndiyo maana inatumika Ruai, pembezoni mwa Nairobi, na Vingunguti jijini Dar es Salaam. Tatizo ni tope linalotuama chini mwaka hadi mwaka.

Chukua bwawa lenye kina cha mita 1.5. Tope likifika nusu mita, theluthi ya nafasi imekwisha. Maji yaliyopaswa kukaa humo siku 21 hutoka baada ya 14, na vijidudu vingi zaidi vikiwa hai. Anayetazama kutoka ukingoni haoni tofauti yoyote. Maji ni yale yale ya kijani.

Njia ya zamani ya kupima ni mti mrefu uliozungushiwa taulo jeupe. Mpimaji huutumbukiza polepole hadi sakafuni, husubiri kidogo, kisha huutoa taratibu. Tope hunasa kwenye nyuzi za taulo na kuacha alama nyeusi, nayo hupimwa kwa rula. Kazi hiyo hufanyika ndani ya boti ndogo, juu ya maji ambayo hakuna anayetamani kuyaangukia.

Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Australia walichapisha njia nyingine. Kiboti cha rimoti kilifungwa GPS na sona ya aina wanayotumia wavuvi kutafutia samaki. Sona hutoa mawimbi ya sauti, na mwangwi hurudi yanapogonga uso wa tope. Kiboti huenda na kurudi kwa mistari, kikikusanya vipimo vingi kuliko taulo lingeweza kutoa. Kina kilichopimwa kikitolewa katika kina cha michoro ya ujenzi, kinachobaki ni unene wa tope. Penye magugu au mapovu ya gesi mwangwi huvurugika; hapo taulo hurudi kazini.

Je, droni? Anayedai kwamba picha ya angani inatosha kupima tope anatia chumvi, kwani kamera haipenyi maji machafu. Nguvu yake iko juu: matuta yaliyomomonyoka, magugu, utando unaoelea.

Mfano mzuri uko Werribee, Australia, kwenye mtambo ulioanza mwaka 1897 na unaohudumia karibu nusu ya Melbourne. Baadhi ya mabwawa yake yamefunikwa kwa plastiki ngumu ili kukinga gesi ya kuzalishia umeme. Chini ya kifuniko, mafuta na takataka hushikana kuwa gamba linalokisukuma juu, na linaweza kukichana. Kutembea juu yake ni hatari. Watafiti wa Monash University na Melbourne Water hurusha droni, na picha zinazopishana huunganishwa kuwa ramani inayoonyesha palipofura. Kamera ya joto huongeza fununu, maana gesi, maji na gamba havipoi kwa kasi moja.

Sehemu ya tatu itaeleza tope hutolewaje, na hupelekwa wapi.